Mlango wa Visiwani na Mlango wa Bara ni Mmoja

Ofisi za Mkoa wa Pwani ziko Kibaha, na kwa hiyo mambo mengi ya Kisiwa cha Mafia huamuliwa katika mji usiopakana na bahari. Mtumishi wa umma aliyepangiwa kazi Mafia hupanda gari mpaka Nyamisati, huvuka kwa chombo, na hakuna anayemwuliza ametoka nchi gani. Hata mtalii wa kigeni aliyekwisha kuingia nchini kwa halali huvuka vivyo hivyo. Akifika hulipa ada ya Hifadhi ya Bahari na mambo yakaisha. Lakini mtalii huyo huyo akiamua kupanda boti pale Dar es Salaam kwenda Unguja, hushukia mbele ya meza ya uhamiaji na kutoa pasipoti yake kwa mara ya pili katika nchi ile ile.

Tofauti hiyo hatukuitunga sisi. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia sahihi mapatano ya kugawana mwambao huu. Mafia ikaangukia upande wa Wajerumani pamoja na pwani ya Bara, na visiwa vya Unguja na Pemba vikawekwa chini ya himaya ya Waingereza. Hakuna Mzaramo wa Kisarawe aliyeulizwa, wala Mmakunduchi, wala mvuvi wa Chole. Mstari uliochorwa mezani na wageni ndio uliofanya kisiwa kimoja kiwe wilaya ya Mkoa wa Pwani na vingine viwe nchi yenye forodha yake. Tulianza kuufuta mstari huo tarehe 26 Aprili 1964, na kazi ya kuufuta imekuwa ndefu kuliko wengi walivyodhani.

Tunaikumbusha historia hiyo kwa sababu dunia ya leo imeleta utaratibu mpya mipakani, na utaratibu huo una tabia ya kuanzia visiwani. Nao ni ruhusa ya kusafiri inayoombwa kwa njia ya elektroniki na mgeni ambaye, kwa sheria, hahitaji viza. Marekani iliulazimisha tangu Januari 2009 kwa raia wa mataifa rafiki. Uingereza ilianza mwaka 2023, na nchi za Umoja wa Ulaya zimekuwa zikiandaa wa kwao. Katika Bahari yetu ya Hindi, Shelisheli, nchi isiyomdai viza mgeni wa taifa lolote, hairuhusu mtu kupanda ndege kwenda kwake mpaka awe na ruhusa hiyo mkononi. Jirani yetu Kenya iliuanza Januari 2024. Si jambo la ajabu basi kwamba katika ofisi zetu za serikali na katika vyumba vya walimu swali limeanza kusikika: je, na sisi tufanye hivyo kwa wageni wanaokwenda Zanzibar bila viza? Na tukifanya, tufanyeje?

Msomaji asichanganye ruhusa hii na viza. Viza ni idhini ambayo ofisa wa ubalozi au wa uhamiaji huitoa baada ya kumchunguza mwombaji na madhumuni yake. Ruhusa ya kielektroniki ni nyepesi zaidi. Mgeni, akiwa bado nyumbani kwake, hujaza fomu katika mtandao: jina, namba ya pasipoti, picha, siku ya kufika, mahali atakapolala. Mitambo huyalinganisha maelezo hayo na orodha za watu wanaotafutwa na za pasipoti zilizoibwa, kisha jibu hurudi kwa saa chache au siku chache. Shirika la ndege hutakiwa kuhakikisha kwamba abiria anayo kabla ya kumpandisha. Kwa maneno mengine, mpaka wa nchi huhamishwa kutoka uwanja wa ndege wa anakofika na kupelekwa kwenye uwanja anakotoka.

Sisi hatuoni ubaya katika shabaha hiyo. Taifa linalojiheshimu lina haki ya kumjua anayebisha hodi. Watanzania tulilijua jambo hili kabla ya kuwapo mitambo ya kompyuta, maana balozi wa nyumba kumi, kule Maneromango au Mlandizi, alijua kila mgeni aliyelala katika nyumba zake, ametoka wapi na atakaa siku ngapi. Hakuna aliyemwita balozi mkorofi kwa kuuliza. Mgeni mwema alipelekwa mwenyewe kwa balozi na mwenyeji wake, akasalimia, akapewa karibu. Tofauti iliyopo ni kwamba balozi aliuliza bure, tena aliuliza kwa lugha ambayo mgeni aliielewa.

Ndipo tunapofika kwenye mfano wa Kenya, ambao watumishi wetu hawana budi kuusoma kwa makini. Tarehe 12 Desemba 2023, siku ya Jamhuri, Rais William Ruto alitangaza kwamba kuanzia Januari hakuna mgeni yeyote atakayetakiwa kuwa na viza ya kuingia Kenya. Tangazo hilo lilipokewa kwa shangwe Afrika nzima. Lakini utekelezaji ulipoanza, raia wa nchi kadhaa za Afrika ambao kwa miaka mingi waliingia Nairobi bila viza na bila kutoa hata senti moja walijikuta wanajaza fomu na kulipa dola 30. Viza ilikuwa imefutwa kwa jina, na aliyekuwa huru akaongezewa mzigo. Malalamiko yalikuwa mengi. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliachwa nje ya mzigo huo tangu mwanzo, nchi nyingine chache zikaondolewa baadaye, na mwaka 2025 Serikali ya Kenya ikaamua kuwaondolea Waafrika karibu wote, isipokuwa wa Somalia na Libya kwa sababu za usalama.

Kwa hiyo jirani zetu walizunguka kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi kurudi karibu na pale walipoanzia. Hatusemi hayo kwa kuwacheka. Tunasema ni bahati ya anayekuja nyuma kuona shimo ambalo mwenzake ametumbukia. Nalo lilikuwa hili: fomu ya usalama iligeuzwa kuwa chanzo cha mapato. Ada ikishaingia katika bajeti, hakuna waziri wa fedha popote duniani anayeiachia kwa hiari. Uingereza ilianza kwa pauni 10; Aprili 2025 ikapandisha kuwa 16.

Ipo hatari nyingine, na hiyo ndiyo hasa iliyotufanya tuandike. Kuna namna mbili za kuweka ruhusa hii visiwani. Ya kwanza ni ya Shelisheli, ambapo visiwa ndiyo nchi yenyewe na mlango wake ni mmoja. Ya pili ni ile ambayo Marekani inaitumia katika visiwa vya Guam na Mariana ya Kaskazini, mbali huko katika Bahari ya Pasifiki. Huko raia wa mataifa fulani huingia bila viza kwa muda usiozidi siku 45, na tangu mwaka 2024 fomu ya karatasi imeachia nafasi ruhusa ya kielektroniki iliyo ya visiwa hivyo peke yake. Mwenye ruhusa hiyo haruhusiwi kuendelea Hawaii wala California. Kisiwa kimefanywa ukumbi, na nyumba kuu imefungiwa mlango wake.

Kwa Marekani mpango huo una mantiki yake, nayo ni mantiki ya miliki. Guam ilitwaliwa kutoka kwa Wahispania mwaka 1898 baada ya vita. Wenyeji wake ni raia wa Marekani, lakini wakiwa kisiwani kwao hawapigi kura ya kumchagua Rais. Kisiwa kinachohesabiwa kuwa mali ya nchi kinaweza kuwekewa masharti yake, kama ghala linavyowekewa kufuli yake. Zanzibar si mali ya Tanzania Bara. Zanzibar ni mwenzi aliyeweka sahihi katika Hati za Muungano, naye ni mmoja wa wawili walioifanya Jamhuri hii iwepo. Mtaalamu yeyote atakayeleta mezani utaratibu wa Guam, hata kama ameufunga vizuri na kuuita wa kisasa, aulizwe kwanza kama ameisoma historia yake.

Karibu zaidi nasi kuna kisiwa ambacho karatasi zimekifanyia mambo mabaya kuliko hayo. Visiwa vya Komoro vilipojitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, Mayotte ilibaki mikononi mwa Wafaransa. Kwa miaka ishirini ndugu wa Nzwani waliendelea kwenda Mayotte kuuza, kuoa na kuzika. Mwaka 1995 Ufaransa ikawadai viza. Tangu hapo wanaovuka kwa siri usiku katika mashua ndogo wamezama kwa idadi inayotisha, wakiwamo wanawake wajawazito na watoto, katika mlango wa bahari ambao babu zao waliupita kwa tanga bila kuogopa. Ruhusa ya kielektroniki si viza ya Mayotte, na hatutaki msomaji adhani tunazilinganisha kwa uzito. Tunachosema ni kwamba kila karatasi inayowekwa kati ya kisiwa na pwani yake hukatiza njia ambazo watu walizizoea kwa vizazi, na afadhali anayeiweka ajue anakatiza nini.

Sasa turudi nyumbani. Uhamiaji ulikuwa jambo la Muungano tangu siku ya kwanza. Umo katika orodha ya mambo 11 ya Hati za Muungano za 1964. Idara ya Uhamiaji ni moja, na viza ya kielektroniki iliyoanza mwaka 2018 ni moja kwa anayeshukia Kilimanjaro na kwa anayeshukia Kisauni. Hilo ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, kwa miaka mingi baada ya Muungano, Mtanzania wa Bara aliyekwenda Unguja alidaiwa pasipoti au hati maalumu, na wazee wetu wanaikumbuka karaha hiyo. Walimu waliohamishwa, wauguzi, hata viongozi walishuka bandarini Malindi na kupangwa mstari pamoja na wageni kutoka ng'ambo. Karaha hiyo iliondolewa. Leo Mtanzania akiwa na kitambulisho chake anakwenda, kama Katiba ya 1977 inavyompa haki ya kwenda na kuishi popote katika Jamhuri.

Kwa upande wa wageni kutoka nje, Zanzibar imekwisha kupiga hatua moja. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar hutakiwa kununua bima ya safari ya dola 44 kutoka Shirika la Bima la Zanzibar, na huinunua katika mtandao kabla ya kufika. Visiwa vilivyopokea wageni zaidi ya 700,000 katika mwaka 2024 vina haki ya kujihadhari: mgeni akivunjika mguu Nungwi au akiugua ghafla Paje, hospitali za wananchi zisiachiwe deni. Bima ni bima, wala haikuitwa ruhusa ya kuingia. Lakini mtu mwenye akili anaona kwamba mgeni asiyehitaji viza tayari anajaza fomu moja. Akiongezewa ya pili kwa ajili ya uhamiaji, na ya tatu kwa ajili ya afya, kila moja kwa idara yake, kwa ada yake na kwa namba yake ya siri, tutakuwa tumemjengea urasimu wa karne iliyopita ndani ya mitambo ya karne hii.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Ikiwa Serikali zetu mbili zitaona ruhusa ya kielektroniki inafaa, basi iwe ya Jamhuri ya Muungano nzima, itolewe na Idara ya Uhamiaji, na mgeni akishaipata aende Unguja, Mafia, Bagamoyo au Kigoma kwa ruhusa hiyo hiyo. Bima na ruhusa viwe katika fomu moja. Zanzibar ichukue bima yake na Uhamiaji uchukue maelezo yake. Na aliyeingia kwa mlango wa Namanga asiulizwe upya bandarini Malindi kana kwamba ametoka Ureno jana.

Pili, jirani asitozwe. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kazi tarehe 1 Julai 2010, nayo inazungumza wazi juu ya watu kupita bila vikwazo. Nchi za kusini nazo tumefungamana nazo tangu zama za ukombozi. Hapa Kibaha ipo Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyofunguliwa Februari 2022, ambamo makada wa vyama sita vilivyopigania uhuru wa nchi za kusini mwa Afrika husoma pamoja. Wengi wao hawahitaji viza kuja kwetu. Mafunzo yakiisha, mmoja hutamani kuvuka kuiona Zanzibar, nchi iliyofanya mapinduzi yake Januari 1964. Ingekuwa aibu kwa chama kilichowapokea wazee wake Kongwa na Mazimbu kumdai mjukuu dola 30 ili aione Unguja. Wako watakaosema dola 30 si kitu. Kwa mwalimu wa shule ya msingi wa Lilongwe au wa Kwale ni kitu, na wasomaji wetu walimu wa Kisarawe hawahitaji kuelezwa.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Kisarawe aliyeoa Lamu. Shemeji zake wawili wanataka kuja kwenye harusi ya mtoto wao Chake Chake. Hawapandi ndege. Wanakuja kwa basi mpaka Lungalunga, wanavuka Horohoro kwa hati ya muda ya kusafiria kwa kuwa hawana pasipoti, wanafika Tanga na kutafuta chombo cha kuwapeleka Pemba. Sheria inawaruhusu. Lakini fomu iliyotungwa kwa ajili ya abiria wa ndege itawauliza namba ya pasipoti, namba ya safari ya ndege na jina la hoteli, na isipojazwa haiendelei. Mitambo haimkatalii mtu kwa maneno. Hukaa kimya tu, nukta nyekundu ikiwaka pembeni. Hao watakosa harusi, au watavuka kwa njia ya panya na kuwa wahalifu bila kukusudia. Utaratibu wa kielektroniki usio na nafasi ya hati ya muda, ya jahazi na ya nyumba ya jamaa haukutengenezwa kwa ajili ya pwani hii.

Nani atawajazia fomu hizo? Sote tunajua. Wananchi wetu leo huomba vyeti vya kuzaliwa, mikopo ya elimu ya juu na kazi za serikali kwa kwenda steshenari, ambako kijana mwenye kompyuta huwajazia kwa malipo. Pale Maili Moja vijana hao wanafanya kazi ya manufaa na hatuwalaumu. Lakini palipo na fomu ya serikali na ada ya dola, vishoka hawakosi: atatokea mwenye tovuti inayofanana na ya serikali, atachukua mara mbili ya ada, na mgeni atakuja kugundua bandarini kwamba karatasi aliyonayo haina thamani. Nchi nyingi zimepata msiba huo. Dawa yake ni ya kawaida kabisa: anwani moja ya serikali itangazwe kwa Kiswahili, ibandikwe katika kila ofisi ya wilaya na kila kituo cha mpakani, na ada, kama ipo, iandikwe kwa tarakimu kubwa. Afadhali zaidi isiwepo kabisa, maana kisichouzwa hakina mlanguzi.

Jambo la tatu linawahusu wasomaji wetu maofisa kuliko mtu mwingine yeyote. Maelezo yatakayokusanywa ni mengi: nyuso, namba, makazi, nani anamtembelea nani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na tume yake ipo. Mtumishi anayefungua jalada la mgeni bila sababu ya kazi, au anayempigia simu mgeni wa kike kwa namba aliyoiona katika fomu, avuliwe madaraka bila kubembelezwa. Balozi wa nyumba kumi aliyepeleka siri za mgeni kilabuni hakudumu katika ubalozi, na alikuwa na daftari moja tu.

Wapo watakaodai kwamba tunapoteza wakati juu ya meza moja ya uhamiaji bandarini, wakati barabara, madawati na maji vinasubiri. Hatukubaliani nao. Mwanafunzi wa Minaki au wa Sekondari ya Kibaha anayefundishwa kwamba Tanzania ni nchi moja huamini zaidi anachokiona kuliko anachoandikiwa ubaoni. Akimwona mgeni aliyefuatana naye katika boti moja anapewa masharti mapya kwa kuwa tu amevuka maji ya maili chache, ataulizia, na mwalimu wake atakuwa na kazi ngumu. Swali lake litaanzia kwa mgeni, lakini halitaishia hapo: atataka kujua kama siku moja fomu hiyo itamfikia na yeye.

Ndiyo maana tunataka kanuni yoyote itakayotungwa itamke kwa kifungu chake, si kwa waraka wa ofisi, kwamba haimhusu raia wa Tanzania anayesafiri kati ya Bara na visiwa, awe na pasipoti au asiwe nayo. Waraka hubadilishwa na ofisa mmoja siku ya Ijumaa jioni. Kifungu cha kanuni hakibadilishwi bila watu kujua.

Na kabla ya rasimu kupelekwa kwa wanasheria, Idara ya Uhamiaji iwatume maofisa wake wakae siku mbili katika ukumbi wa Mkoa pale Kibaha, siku moja Kisarawe, kisha wavuke kwenda Mafia, Mkoani na Wete. Waende na fomu yenyewe. Wawape walimu, manahodha na mama wenye jamaa Mombasa na Ngazija waijaze mbele yao, wahesabu ni wangapi wameshindwa na ni katika swali la ngapi.